Kupanga saluni ya kisasa Arusha na Moshi: maswali ninayoulizwa kila mara

Nilisuka kwa miaka tisa kabla sijaanza kuwapangia wenzangu saluni, nyingi hapa Arusha na chache Moshi. Maswali haya huingia kwenye simu yangu karibu kila wiki, mara nyingi usiku, kutoka kwa mtu aliyekwisha lipa kodi na ufunguo anao mkononi. Natamani yangeulizwa mwezi mmoja kabla. Nimeyajibu kama ninavyomjibu mdogo wangu, nikikaa zaidi pale watu wanapoumia zaidi.

Nina picha nyingi za saluni nzuri kwenye simu. Fundi akizifuata si inatosha?

Picha zinafaa kwa rangi na kwa kumwonyesha seremala unachotaka. Kwa vipimo, hapana. Saluni nyingi za kwenye picha zimejengwa kwa kazi ya mtu mmoja anayemkata mteja mmoja nywele, saa moja imekwisha, mteja ameondoka. Kwetu mteja wa rasta ndogo anakaa masaa matano hadi saba, na kichwa chake kinashikwa na wasusi wawili, wakiwa na haraka watatu. Kila msusi ana fungu lake la rasta, kitana chake na viwiko vyake.

Dada mmoja wa Njiro aliniita baada ya kufungua. Alikuwa amepanga vioo vitano ukutani, kila kimoja sentimita 90 kutoka mwenzake, sawasawa na picha aliyoipenda. Ilipendeza mno ikiwa tupu. Siku ya kwanza walipokaa wateja wawili wa rasta jirani, wasusi waligongana viwiko na wa tatu akabaki amesimama mlangoni na rasta begani. Baada ya wiki tatu aling'oa vioo viwili. Matundu ya skrubu yalibaki ukutani yakimtazama.

Kwa hiyo kabla hujachora chochote, andika kazi utakazofanya: kusuka, kuosha na kuseti, dawa ya kunyoosha nywele, wivingi, rangi, kucha, kunyoa. Mbele ya kila moja andika mteja anakaa muda gani na anashikwa na watu wangapi. Karatasi hiyo ndiyo ramani yako ya kwanza.

Fremu ya ukubwa gani inatosha kuanzia?

Nichukue fremu ninayoiona mara nyingi: upana mita 4, urefu mita 6. Hiyo inabeba viti vitatu vya kazi, draya mbili za kukalia, benchi la watu watatu, sinki moja na kabati la vifaa. Wengi wanataka viti vitano humo, nami huwa nakataa.

Hesabu yake ni hii. Kwenye ukuta mrefu weka viti vitatu, kutoka katikati ya kiti kimoja hadi katikati ya kingine mita 1.5. Zimekwenda mita 4.5, na mita 1.5 ya mwisho kule nyuma ni ya sinki. Sasa pima kwa upana: rafu ya chini ya kioo sentimita 30, mteja na kiti chake sentimita 90, msusi aliyesimama nyuma sentimita 90, njia ya kupita sentimita 90. Umefika mita 3. Mita inayobaki ndiyo ya draya na benchi kwenye ukuta wa pili. Ukiongeza kiti hata kimoja, njia ya kupita inakufa, na mtu mwenye maji ya moto mkononi atapita ubavuni mwa mteja mwenye mtoto mapajani.

Meza ya mapokezi? Kwa viti vitatu haina kazi. Kaunta nyembamba karibu na mlango, yenye droo ya kufunga na kibao cha lipa namba kinachoonekana vizuri, inatosha.

Nikague nini kabla ya kulipa kodi?

Nenda saa kumi jioni, si asubuhi. Kama mlango na kioo cha mbele vinaangalia magharibi, utaliona jua likiingia hadi ukuta wa nyuma. Hapo wateja wako watakunja uso kila jioni na dawa zako zitapikika rafuni.

Fungua bomba, kisha uliza majirani maji hukatika siku ngapi kwa wiki. Usimuulize dalali. Tazama maji machafu yanakwenda wapi, maana fremu nyingi zilijengwa kwa duka la nguo na hazina hata tundu moja la kutolea maji sakafuni. Kutoboa zege na kutafuta chemba ya karibu ni kazi ya siku kadhaa na ni pesa. Uliza pia kama mita ya umeme ya LUKU ni yako peke yako au mnachangia na fremu za jirani. Ya kuchangia ikatae, kwa sababu saluni inakula umeme mwingi, kama utakavyoona kwenye swali la umeme.

Halafu mkataba. Hapa nasema kwa maumivu yangu mwenyewe. Saluni yangu ya kwanza niliweka tailizi, dari ya jipsamu na sinki mbili kwenye fremu ya mtu, kwa makubaliano ya mdomo. Mwaka mmoja na nusu baadaye kodi ilipandishwa karibu mara mbili, na nilipoondoka niliambiwa kila kilichoshikamana na jengo ni cha jengo. Nilitoka na viti, vioo na draya. Tangu siku hiyo nadai iandikwe kwenye mkataba ni vitu gani nitaondoka navyo, na nataka muda usiopungua miaka miwili kama natoboa sakafu. Rafu, vioo na hata paneli za mbao huwa naviweka kwa skrubu, si kwa gundi, ili siku ya kuhama vitoke vizima.

Sinki la kuoshea na maji nipange vipi?

Hapa ndipo saluni inapojengwa. Mtu akiwa na pesa kidogo namwambia azimalizie hapa na kwenye umeme.

Anza na tangi, hata kama mtaa wako maji hayakatiki sana. Kuosha kichwa kimoja vizuri kunakula kama lita 25 hadi 30. Wateja 12 kwa siku ni lita 360, bado choo na kudeki. Tangi la lita 1,000 linakupa siku mbili za kupumua. Kwangu tangi ni kitu cha usalama kabla ya kuwa kitu cha biashara. Niliwahi kuona rilaksa, dawa ya kunyoosha nywele, ikiwa kichwani mwa mteja, bomba likakohoa mara mbili na kunyamaza. Dawa ile ni kemikali kali, muda wake ukipita inachoma ngozi. Tulikimbia dukani tukanunua maji ya kunywa ya chupa, tukamwagia moja baada ya nyingine, yule dada akilia na sisi tukitetemeka. Sijasahau sauti ya zile chupa.

Msukumo wa maji nao una hesabu. Kila mita moja ya kimo cha tangi inakupa msukumo wa bar 0.1 tu. Tangi lililo juu ya mnara wa mita 3 litatoa maji ya uvivu kwenye bomba la kuoshea, na dawa haitaki maji ya uvivu. Ama panda juu zaidi, ama weka pampu ndogo ya kusukumia.

Maji ya moto si anasa Arusha. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, na mwezi wa sita na wa saba maji ya bomba yanauma vidole. Giza, yaani hita ya maji ya umeme, ya lita 50 yenye maji ya nyuzi 60, ukiichanganya na maji baridi hadi nyuzi 38 ambazo kichwa kinazipenda, inakupa kama lita 100. Hivyo ni vichwa vinne. Kupasha tena kwa giza ya wati 1,500 huchukua zaidi ya saa moja na nusu, kwa hiyo Jumamosi yenye wateja wengi giza moja ndogo haitoshi. Hita ya jua ni nzuri na inalipa kwa muda mrefu, ila Julai mawingu hukaa Arusha mpaka mchana, basi hakikisha ina waya wa umeme wa kusaidia. Moshi iko chini zaidi, kwenye mita 800 na ushee, na huko maji ya uvuguvugu yanatosha miezi mingi.

Bomba la maji machafu liwe la inchi 2, literemke sentimita 2.5 kwa kila mita. Chini ya sinki weka mtego wa nywele unaofunguka kwa mkono, na kwenye tundu weka chujio. Kipande cha rasta hakiozi. Kikiingia kwenye bomba, kinasubiri wenzake.

Jambo la mwisho kwenye sinki ni shingo. Kabla ya kununua, lala juu yake dakika tano macho yakiwa juu. Kama shingo inauma dukani, itauma saluni. Na nyuma ya sinki acha sentimita 60 za kusimama muoshaji, maana akioshea kutoka ubavuni mgongo wake hautafika mwaka wa pili.

Fundi anasema waya uliopo unatosha. Nimwamini?

Mpe hesabu hii kwanza. Draya za mkono tatu za wati 2,000 zikiwashwa pamoja ni wati 6,000. Draya mbili za kukalia za wati 1,200 ni 2,400. Giza 1,500. Jumla 9,900. Gawa kwa volti 230, unapata ampia 43. Waya wa duka la nguo ulivutwa kwa taa nne na redio. Ukiubebesha mzigo huu, breka itaruka kila mteja wa tatu anapokaa, na siku breka mbovu ikikataa kuruka, waya utachemka ndani ya ukuta.

Kwa hiyo: soketi zivutwe kwa waya wa milimita za mraba 2.5, taa kwa 1.5, na giza iwe na njia yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka. Gawanya viti kwenye njia mbili ili moja ikikata nyingine ifanye kazi. Kila kiti kipate soketi mbili pacha, kwenye kimo cha mita moja hivi, pembeni ya kioo, ili waya wa draya usipite mapajani mwa mteja. Waya wa athi uwepo kweli na uingie ardhini. Weka pia swichi ya kukata umeme unapovuja, ile ya miliampia 30. Mikono ya saluni ni mibichi siku nzima, na swichi hiyo inaokoa uhai. Soketi iwe mbali na sinki zaidi ya mita moja. Na fundi awe mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akuonyeshe kabla ya kushika bisibisi.

Ekstensheni za kuunganisha moja juu ya nyingine sizikubali hata kwa siku ya uzinduzi.

Kuhusu matumizi: draya ya wati 2,000 ikifanya kazi nusu saa inakula uniti moja. Ukijua hilo, utaweza kupanga bei ya kublo bila kukisia. Umeme ukikatika, betri yenye inveta ndogo itabeba taa, simu na mashine ya kunyolea. Draya hazibebi, hizo ni za jenereta.

Taa gani? Nimeambiwa za njano zinapendeza.

Zinapendeza kwenye hoteli. Kwenye kiti cha rangi zinadanganya. Mteja mmoja pale Mianzini aliomba kahawia iliyokolea. Chini ya balbu za njano tuliiona kahawia, yeye mwenyewe akaipiga picha akafurahi. Alipotoka barazani saa saba mchana, nywele zilikuwa nyekundu kama udongo wa barabarani. Alirudi ndani ameshika kichwa kwa mikono miwili. Msusi wa watu hakukosea dawa, alinyimwa mwanga.

Kwenye boksi la taa kuna namba mbili za kusoma. Ya kwanza ni ya Kelvini: 2,700 hadi 3,000 ni njano, 6,500 ni nyeupe ya bluu inayofanya uso uonekane mgonjwa. Wewe tafuta 4,000. Ya pili ni CRI, inayoonyesha taa inaonyesha rangi kwa ukweli kiasi gani. Tafuta 90 au zaidi. Kama duka halina, nunua za 80 za kawaida kwa chumba kizima, na tafuta hizo nzuri kwa ajili ya vioo peke yake.

Halafu mahali pa taa. Taa moja ya darini, juu ya utosi, inaweka vivuli chini ya macho na kidevu, na mteja anajiona amechoka. Mwanga utoke kwenye pande mbili za kioo, usawa wa uso. Kwa kusuka, mambo hubadilika kabisa: msusi anatazama utosi na kisogo, anatafuta mistari, kwa hiyo anahitaji mwanga unaotoka juu na nyuma yake kidogo, bila kivuli cha mkono wake. Kama una dirisha zuri, viti vya kusuka vikae hapo. Mwanga wa mchana ni bure na msusi wa masaa sita atakushukuru kwa macho yake.

Vioo je?

Kioo cha milimita 5 au 6, upana sentimita 70, urefu mita 1.2 au zaidi, kianzie kwenye usawa wa kiuno cha mtu aliyeketi. Nunua kwa fundi vioo wa hapa hapa, maana kioo kinachosafiri kwa basi kutoka Kariakoo ni bahati nasibu. Usielekeze kioo kwenye mlango wa magharibi. Na karibu na mlango wa kutokea weka kimoja kirefu cha mwili mzima, ambapo mteja anajitazama mara ya mwisho na kupiga picha. Ukuta ulio nyuma yake uwe safi na usio na waya, kwa sababu picha ile itasafiri kuliko bango lako.

Viti vya kusuka havihitaji kioo kikubwa mbele. Mtu akijitazama masaa sita anachoka na nafsi yake. Mwelekeze dirishani aone watu, au aone ukuta wa rangi tulivu.

Sakafu?

Tailizi zisizong'aa, zenye mkwaruzo kidogo. Zile za kung'aa kama kioo zikipata matone ya maji na mafuta ya nywele zinaangusha watu. Nyeupe kabisa inaonyesha kila unywele, nyeusi kabisa inaonyesha kila vumbi, na vumbi la Arusha kiangazi mnalijua. Kijivu cha kati au rangi ya mchanga hustahimili. Chokaa ya katikati ya tailizi iwe ya kijivu, maana nyeupe itanyonya rangi za nywele wiki ya kwanza. Terazo nayo ni nzuri sana na hudumu, kama mwenye nyumba anakubali na una muda wa kuisubiri.

Kuta nipake rangi gani?

Ukuta ulio karibu na kioo humtupia mteja rangi yake usoni. Waridi kali humfanya kila mtu aonekane ana homa, kijani kibichi humfanya aonekane ameugua tumbo. Karibu na viti paka krimu au kijivu chepesi cha joto. Rangi unayoipenda ipeleke kwenye ukuta wa nyuma ya draya au wa mlangoni. Chagua rangi ya kufutika kwa kitambaa, hasa hadi mita 1.5 kutoka chini, na nyuma ya sinki weka tailizi kabisa.

Viti vya kuagiza au vya fundi wa hapa?

Kwa kuosha, dawa na kukata, kiti cha haidroliki cha kupanda na kushuka kina thamani yake, kwa sababu wasusi wako hawalingani urefu. Kwa kusuka, mimi nawapa kazi maseremala wetu. Kiti cha saiprasi chenye mgongo mfupi unaoishia chini ya mabega, ili msusi afike kisogoni, godoro gumu la sentimita 8 lililofunikwa ngozi ya kufutika, na kibao cha kuwekea miguu. Mwambie seremala atengeneze na vigoda vya wasusi vyenye magurudumu, viwili kwa kila kiti. Hiki ndicho kitu ninachokipigania kuliko vyote. Tunajenga saluni za kumpendeza mteja halafu tunamsimamisha msusi kwa miguu yake tangu saa tatu asubuhi hadi saa mbili usiku. Miguu inavimba, mgongo unakwisha, na akipata pa kuketi kwingine anahama na wateja wake.

Maji ya moto ya kuchovya rasta yakae wapi?

Nafurahi mtu akiuliza hili, kwa sababu huwa halichorwi kwenye ramani yoyote, wakati kila siku tunabeba maji yanayochemka nyuma ya migongo ya watu. Karibu na viti vya kusuka weka meza nzito, fupi, yenye ukingo wa sentimita 5 kuzunguka juu yake, na soketi yake ya birika. Jagi libaki juu ya meza, ncha za rasta zilifuate, jagi lisizifuate ncha. Taulo kavu iwe tayari mabegani mwa mteja. Na meza hiyo isiwe kwenye njia ya kwenda chooni wala karibu na wanapocheza watoto.

Wanaochoma ncha kwa kiberiti wasifanyie karibu na pazia, wala karibu na meza ya kucha. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha inashika moto haraka kuliko unavyodhani.

Hewa, joto na baridi nivipange vipi?

Dawa za kunyoosha, rangi na asetoni zina harufu inayoumiza kichwa na kifua, na anayeivuta zaidi si mteja wa masaa mawili, ni mfanyakazi wa siku sita kwa wiki. Weka feni ya kutoa hewa juu ya ukuta wa nyuma, karibu na mahali pa dawa, na mlangoni au dirishani pabaki pa kuingilia hewa mpya, ili hewa ipite chumba kizima kabla ya kutoka.

Moshi Januari na Februari ni tanuri, hasa fremu yenye bati tupu juu. Weka dari, acha nafasi ya hewa kati yake na bati. Feni ziwe za ukutani, zielekezwe juu ya vichwa. Ya darini inapeperusha rasta na nywele zilizonyolewa.

Arusha shida ni baridi, na hapa naomba unisikilize vizuri: usiingize jiko la mkaa ndani na kufunga mlango. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayolaza mtu asiamke. Hita ndogo ya umeme, pazia zito mlangoni na khanga ya kufunika miguu ya mteja vinatosha.

Nina wateja wengi wanaovaa hijabu. Nifanye nini?

Watengenezee chumba. Hata cha mita 2 kwa 2 nyuma, chenye ukuta wa mbao na mlango, au pazia zito linalofunga pande zote. Ndani kiwe na kioo chake, soketi zake, ndoano mbili za baibui na mtandio, na taa nzuri kama ya mbele. Njia ya kwenda sinki isipite mbele ya kioo cha barabarani, na kama una kinyozi wa kiume, kazi yake iwe mlangoni na asiwe na sababu ya kwenda nyuma. Kamera usiweke kule. Kuna dada aliniambia hajawahi kuoshwa nywele nje ya nyumba yake mpaka alipopata chumba kama hicho Kaloleni. Pazia tu, na mteja wa maisha.

Kucha na kunyoa vikae humo humo?

Kucha, ndiyo, dirishani, mbali na moto, kwa sababu ya vumbi na harufu. Kunyoa, kama nafasi ni ndogo, mimi nakataa. Nywele fupi zinaruka hadi kwenye dawa za wenzio.

Mapambo ya kitamaduni yanafaa, au yatafanya saluni ionekane duka la watalii?

Moja au mawili, tena yenye kazi. Makapu ya ukili ya kuwekea rasta na taulo, kitenge kilichovikwa mito ya benchi: kitambaa na mito hunyonya makelele, na chumba cha tailizi na jipsamu chenye draya nne kina makelele kweli. Shanga za Kimasai ukuta mzima sizishauri, zinavuta vumbi na kila duka la mtaani limeziweka.

Kwa majani, napenda masale kwenye vyungu. Yanavumilia kivuli na kusahauliwa maji. Ila ujue, Uchagani sale si ua tu: hupandwa kuonyesha mpaka wa shamba, na jani lake hupelekwa kwa uliyemkosea kuomba msamaha. Mama mmoja wa Moshi alipoyaona mlangoni kwa mteja wangu alisimama, akacheka, akauliza, "Mmemkosea nani?" Akaketi akasukwa hapo hapo.

Pesa hazitoshi. Nifuate mpangilio gani?

Kwanza maji na umeme, kwa sababu vikishafunikwa na tailizi huwezi kuvirudia. Pili sakafu na rangi. Tatu taa za vioo. Nne kiti kimoja kizuri na sinki moja zuri, vingine vya mtumba vilivyokaguliwa. Dari ya jipsamu yenye ngazi na taa za rangi iache kabisa mpaka mwaka wa pili. Huwa inakula pesa ya tangi, na nimeona saluni zenye dari ya harusi na ndoo za maji chini ya sinki.

Vibali?

TIN ya TRA, leseni ya biashara kutoka Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi, usajili wa OSHA (usalama na afya kazini), na ukaguzi wa Zimamoto. Afisa afya atatazama usafi, maji, choo na mahali pa taka. Weka kizima moto karibu na mlango, si nyuma ya kabati. Nenda ukawaulize kabla ya kujenga, wanaeleza vizuri na utaepuka kubomoa.

Nitajuaje kama mpangilio umekaa sawa kabla ya kufungua?

Siku moja kabla, waite wasusi wako wote na ndugu wachache. Wewe mwenyewe keti usukwe na watu watatu kwa masaa mawili bila kuinuka. Mwingine aoshwe, mwingine akae kwenye draya, na draya zote ziwashwe kwa pamoja. Mtu apite na ndoo ya kudekia kutoka nyuma hadi mlangoni. Sikiliza mgongo wako, tazama ni nani anamwambia mwenzake "samahani, nipishe" na ni mara ngapi, na shika ukuta penye waya uone kama una joto. Tulipofanya hivyo kwenye saluni moja mtaa wa Sakina mwaka huu, tuligundua feni inapeleka harufu ya dawa moja kwa moja kwenye benchi la wanaosubiri. Fundi aliihamisha jioni ile ile, akaziba tundu la zamani, na asubuhi rangi ilikuwa imekauka.